Pikipiki inayowaka ikiwa baridi na kukataa ikiwa ya moto: kisa cha barabara ya Mombo hadi Lushoto

Pikipiki inayozungumziwa hapa ni ya cc 125, ya silinda moja, yenye kabureta, kiki na kitufe cha stata. Injini yake ni ya aina ya CG, yaani ule muundo ambao Honda iliuanzisha miaka ya 1970 na ambao viwanda vingi vya China vimeendelea kuutengeneza kwa majina mbalimbali hadi leo. Kazi yake ni kubeba abiria na mizigo kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga, kwenye barabara ya lami ya kilomita 33 hivi inayoacha tambarare yenye joto na kuipanda milima ya Usambara kwa kona mfululizo, ikapita Soni, hadi kwenye mji ulioko takriban mita 1,000 juu ya Mombo. Dereva aliieleza shida yake kwa maneno machache yaliyojitosheleza: asubuhi, Mombo, pikipiki inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili; inapanda vizuri na abiria na mzigo wake; inapokaribia Soni inaanza kukatakata, inapoteza nguvu na kuzima; na ikishazima haiwaki tena, si kwa kiki wala kwa kitufe, mpaka ikae pembeni nusu saa au zaidi. "Fundi, ikipoa inawaka vizuri kabisa, huwezi kuamini kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyonitoa jasho," alisema, kisha akaongeza jambo ambalo kwangu lilikuwa na uzito mkubwa, kwamba wakati wa kuteremka kutoka Lushoto haijawahi kumzimikia.

Kabla ya kunifikia, pikipiki hiyo ilikuwa imepita kwa mafundi kadhaa. Plagi ilikuwa mpya. Kabureta ilikuwa imefunguliwa na kuoshwa zaidi ya mara moja, na skrubu yake ya hewa ilikuwa imezungushwa na mikono tofauti hata haikujulikana tena ilianzia wapi. CDI, yaani kile kifaa cha kielektroniki kinachoamuru cheche ya plagi, ilikuwa mpya, koili ya plagi ilikuwa mpya, na mwishowe betri nayo ilinunuliwa. Chombo chenyewe ni cha mkataba: dereva anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na hesabu haingoji, hata kama siku nzima imeishia pembeni mwa barabara ya Soni. Kila kifaa kilichobadilishwa bila sababu kilitoka kwenye mfuko wa mtu ambaye hakuwa na cha ziada, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuandika uchunguzi huu kwa urefu. Mafundi waliotangulia hawakuwa wazembe wala matapeli. Kila mmoja wao aliiona pikipiki ikiwaka mbele ya macho yake kabla ya kuikabidhi.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Hitilafu ilijitokeza injini ikiwa ya moto tu, ilhali kila fundi aliipokea pikipiki ikiwa tayari imepoa, au ilipoa mikononi mwake wakati akiifanyia kazi. Kufungua kabureta, kuiosha kwa petroli, kupuliza jeti zake (vitundu vya kupitishia petroli) na kuirudisha mahali pake huchukua muda unaolingana na ule ambao pikipiki hii ilihitaji kupumzika ili iwake. Kwa hiyo kazi yoyote ile ingeonekana kuwa imeiponya, hata kama fundi angekaa anafuta vumbi kwenye tangi. CDI mpya ilifungwa, kiki ikapigwa, injini ikaunguruma, na fundi pamoja na mteja wake wakaridhika kwa haki kabisa kwamba tatizo lilikuwa CDI. Safari iliyofuata ya kupanda ikawarudisha pale pale. Hakuna aliyeijaribu katika hali iliyoleta ugonjwa, yaani baada ya kupanda na mzigo, injini ikiwa imeshika moto, na pikipiki ikizimwa na kutakiwa kuwaka papo hapo.

Kabla ya kugusa spana nilimuuliza dereva maswali ambayo majibu yake yangeweza kuondoa baadhi ya washukiwa. Je, inazima yenyewe au inakataa tu baada ya kuzimwa kwa funguo? Yote mawili, alisema, ila mara nyingi inazima yenyewe, na kabla ya kuzima hukatakata kwa ghafla, si kudhoofika polepole. Je, mvua au kuoshwa kunaizidishia? Hapana. Je, harufu ya petroli inasikika anapopiga kiki bila mafanikio? Ndiyo, na kali. Je, ikiwa inapanda bila mzigo? Hapo huweza kufika Lushoto bila shida, hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kunapokuwa na baridi ya ukungu. Majibu hayo yote yalielekea upande mmoja, joto, lakini kuelekea upande mmoja si ushahidi, kwa sababu zipo hitilafu tatu zisizohusiana kabisa ambazo zote humfanya dereva aseme kwamba pikipiki ikipoa inawaka.

Ya kwanza ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi yake. Tundu hilo likizibwa na vumbi au kutu, petroli hushindwa kushuka, injini hukosa mafuta na kuzima, kisha pikipiki ikikaa kwa muda hewa hupenya kidogo kidogo na mafuta huanza kushuka tena. Dereva atasadiki kwamba kilichosaidia ni kupoa, kumbe ni muda tu uliopita. Hata ile habari ya kutozimika wakati wa kuteremka haimtoi mshukiwa huyu, kwa maana pikipiki inayoteremka hutumia mafuta machache sana. Ya pili ni valvu: nafasi ya tapeti, yaani upenyo mdogo unaoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma, ikiwa finyu kupita kiasi, valvu ya eksozi inaweza kushindwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake injini inapopata moto, mgandamizo ukavuja, na kiki ikawa nyepesi isiyo na kazi. Ya tatu ni umeme wa cheche, ambao una sehemu kadhaa zinazoweza kukatika kwa joto na kuungana tena kwa ubaridi.

Walikuwapo pia waliomwambia dereva kwamba tatizo ni hewa nyepesi ya mlimani na kwamba kabureta inahitaji jeti ndogo zaidi. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda hewa hupungua na mchanganyiko huwa mzito wa petroli. Hata hivyo Soni haishuki pikipiki inapopumzika. Ikiwa iliyokataa saa nne inawaka saa nne na nusu mahali pale pale, mwinuko haukuwa na la kufanya na kukataa kwake.

Ili msomaji aelewe nilichokwenda kukipima, inafaa kueleza jinsi cheche inavyopatikana katika pikipiki ya namna hii. Ndani ya kifuniko cha injini cha upande wa kushoto kuna koili za magineti, zilizozungushwa kwenye vyuma vilivyopangwa duara, na magineti yenyewe huzizunguka kila injini inapozunguka. Koili nyingi kati ya hizo zimesukwa kwa waya mnene na kazi yake ni taa na kuchaji betri. Moja wapo imesukwa kwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi sana, na umeme wake wa volti kubwa hupanda kwa waya mweusi wenye mstari mwekundu moja kwa moja hadi kwenye CDI, ambako hujazwa kwenye kapasita. Kando ya magineti kuna pulsa, koili ndogo inayotuma ishara kwa waya wa bluu wenye mstari mweupe pindi pistoni inapokaribia juu. Ishara hiyo inapofika, CDI huuachia ule umeme uliojazwa uende kwa waya mweusi wenye mstari wa njano hadi koili ya plagi, nayo huukuza hadi maelfu ya volti yanayoruka kwenye ncha ya plagi. Waya mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia: swichi ya funguo ikifungwa, waya huo huunganishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe, umeme wa kujaza CDI unaishia huko, na injini inazima.

Mambo mawili yanafuata kutokana na mpangilio huo. Kwanza, betri haihusiki na cheche hata kidogo. Ukiichomoa kabisa, injini ya namna hii bado huwaka kwa kiki, na kwa hiyo betri mpya haikuwa na nafasi yoyote ya kusaidia. Hilo si kweli kwa kila pikipiki, kwani zipo zenye CDI inayokula umeme wa betri, na kwa hizo betri dhaifu ni mshukiwa halali. Ni lazima kujua una aina gani kabla ya kumshauri mtu atoe fedha. Pili, cheche ikikosekana, waliobaki ni wachache wenye kuhesabika: koili ya kujaza CDI, pulsa, CDI, waya wa kuzimia na swichi zake, koili ya plagi, kofia ya plagi, plagi, pamoja na soketi na bodi zinazoviunganisha. Vitatu kati ya hivyo vilikwisha kubadilishwa.

Niliamua kutofungua kitu chochote Mombo. Tulichofanya ni kuiandaa pikipiki ili itakapokufa tusipoteze dakika. Kifuniko cha pembeni kililegezwa skrubu zake, soketi inayotoka kwenye magineti ilitafutwa na kusafishwa ili ichomoke kwa urahisi, na vipimo vya ubaridi vikachukuliwa kwanza viwe vya kulinganishia. Kati ya waya mweusi wenye mstari mwekundu na bodi, mita ya kupimia umeme ilisoma ukinzani wa omu 310. Kati ya waya wa bluu wenye mstari mweupe na bodi ilisoma omu 160 hivi. Kwa mashine za aina hii, koili ya kujaza CDI ambayo ni nzima kwa kawaida husoma mamia kadhaa ya omu, na pulsa husoma kati ya 100 na 200, kwa hiyo fundi yeyote ambaye angepima asubuhi ile angeandika kwamba koili zote ni nzima na kuendelea na mengine. Cheche nayo, ikiwa baridi, ilikuwa ya bluu na yenye mlio mkavu.

Kisha tukapanda, dereva na mzigo wake mbele, nami nikifuata kwa pikipiki nyingine. Kabla ya kufika Soni ikaanza kukatakata kama alivyosema, ikajikokota mita chache na kuzima. Hapa ndipo mpangilio wa vipimo unapokuwa na maana kuliko vipimo vyenyewe. Desturi yetu ni kuanza na petroli, kwa kuwa ndiyo rahisi, na desturi hiyo ni nzuri pikipiki inapokuwa imekufa moja kwa moja. Kwa hitilafu inayoponyoka, huanziwa kile kitakachopotea kwanza: petroli iliyomo kwenye kabureta haiendi popote, mgandamizo hubaki hivyo hivyo kwa muda, lakini koili iliyokatika kwa joto inaanza kupoa mara tu injini inaposimama.

Plagi ya akiba ilivikwa kofia na kulazwa juu ya mapezi ya silinda ili mwili wake uguse chuma, huku plagi ya zamani ikiachwa mahali pake. Ni muhimu isitolewe katika hatua hii, kwa sababu ukipiga kiki tundu likiwa wazi, mvuke wa petroli hutoka kwa nguvu, na ikiwa cheche ipo karibu moto unaweza kuruka nje. Kiki ikapigwa kwa nguvu, tukiwa tumeikinga plagi na jua kwa kiganja kisichoigusa. Hakukuwa na cheche, wala hata ile nyekundu dhaifu. Waya wa kuzimia ukachomolewa kwenye CDI, maana swichi ya funguo au ya usukani inayogusa bodi kimakosa ingezaa dalili hii hii. Kiki ikapigwa tena, na bado hakukuwa na kitu. Kwa kuchomoa waya mmoja, swichi zote na nyaya zake zilikuwa zimetolewa kwenye kesi.

Soketi ya magineti ikachomolewa. Pulsa ilisoma omu 190 na kidogo, imepanda kidogo kuliko asubuhi, kama inavyotarajiwa. Waya mweusi wenye mstari mwekundu ulipoguswa, mita ilionyesha namba 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, ambayo kwa mita hizi za bei nafuu maana yake ni kwamba ukinzani umepita kiwango cha kipimo au njia imekatika kabisa. Nilihamisha kipimo hadi kile cha juu zaidi ili nihakikishe kwamba sidanganywi na kiwango, na namba 1 ikabaki pale pale. Koili iliyosoma omu 310 Mombo haikuwa na njia tena.

Tukiwa na jibu hilo mkononi, washukiwa wengine walimalizwa bila haraka. Kifuniko cha tangi kilipofunguliwa hakikutoa mlio wowote wa hewa kuvutwa. Skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ilipolegezwa, petroli ilitoka mfululizo kwa muda wa kutosha bila kupungua. Kiki ilikuwa nzito kama ilivyokuwa asubuhi, ishara kwamba mgandamizo haukuvuja. Plagi ya zamani ilipotolewa, ilikuwa imelowa petroli.

Ulowevu huo wa plagi unastahili kuzungumziwa zaidi, kwa kuwa nadhani ndio uliowapoteza waliotangulia. Mtu anayefungua plagi iliyolowa na kusikia harufu kali ya petroli hufikia haraka uamuzi kwamba kabureta inafurika, na ndivyo kabureta hii ilivyokuja kuoshwa mara kwa mara. Kufurika kwa kabureta kweli kupo, na flota iliyotoboka au sindano yake iliyochakaa hulowesha plagi hivyo hivyo. Lakini kila kiki inayopigwa bila cheche huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, na petroli hiyo, isipochomwa, lazima itue mahali. Plagi ya pikipiki isiyo na cheche italowa baada ya kiki kadhaa hata kama kabureta imerekebishwa na bingwa. Plagi iliyolowa inakuambia kwamba mafuta yalifika na hayakuwaka. Haikuambii ni kwa nini. Jibu la kwa nini linatafutwa kwa kutazama cheche wakati huo huo, na si baada ya plagi kukaushwa, kurudishwa na pikipiki kupoa.

Mita iliachwa imeunganishwa tukisubiri. Kwa muda mrefu haikubadilika, kisha namba zikaanza kurukaruka, zikitokea na kupotea, na hatimaye zikatulia karibu na omu 370. Soketi ikarudishwa, kiki ikapigwa, na injini ikawaka. Kurukaruka huko kwa namba kulieleza pia kukatakata ambako dereva alikuwa akikusikia kabla ya kuzima: njia iliyo katika hatua ya kukatika hugusana na kuachana kwa mtikisiko wa injini, cheche inakuja na kupotea, na mtu aliyeketi juu yake anahisi kama petroli inakwisha.

Wapo watakaoiona ile 370 na kudhani kwamba kupanda kwa omu ndiyo hitilafu yenyewe, na hapa fundi anaweza kukosea kwa upande wa pili. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili inayosoma 310 ikiwa na joto la kawaida la Mombo, ikipandishwa nyuzi 80 zaidi ndani ya injini, itasoma kama 400 ikiwa nzima kabisa, na ongezeko hilo la karibu asilimia 30 ni tabia ya shaba tu. Hitilafu ni kukatika. Kwa sababu hiyo fundi anayepima koili ya moto asilinganishe namba yake moja kwa moja na ile ya ubaridi. Atazame kama imepanda kwa kiasi kinachoelezeka, au imeruka, imepotea, au imeshuka ghafla, kwa maana kushuka nako huashiria mizunguko iliyogusana ndani kwa ndani baada ya vanishi yake kuungua. Kugusana kwa namna hiyo mara nyingine hakuonekani kwenye omu hata kidogo, na hapo hupimwa volti za umeme wa kubadilika zinazotoka kwenye waya huo wakati wa kupiga kiki, soketi ikiwa imechomolewa: koili nzima itatoa makumi ya volti, na vidole viwekwe mbali.

Siku iliyofuata, injini ikiwa baridi, kifuniko cha kushoto kilifunguliwa. Kwa asiyewahi kukifungua, mafuta ya injini hutoka humo, kwa hiyo beseni liwekwe chini kwanza; na magineti hukivuta kifuniko kwa nguvu wakati wa kukitoa na zaidi wakati wa kukirudisha, kwa kuwa koili zimefungwa ndani yake, basi vidole visiwekwe ukingoni. Koili ya kujaza CDI ilitambulika mara moja kwa utepe wake wa kitambaa uliofunikwa kwa vanishi, uliokuwa umegeuka kutoka rangi ya maziwa hadi kahawia iliyokolea. Mezani, ikiwa baridi, ilisoma karibu 300 kama hapo awali. Tuliazima drayer ya saluni ya jirani, tukaipuliza koili hiyo peke yake huku mita ikiwa imeshikizwa, na namba zikapanda taratibu, zikapita 340, kisha zikakatika. Drayer ilipozimwa zikarudi. Tulirudia mpaka dereva mwenyewe akaona kwa macho yake, jambo ninalolihesabu kuwa ni haki ya kila mteja aliyekwisha kulipia makisio.

Utepe ulipofunuliwa, waya mwembamba ulionekana umepasuka mahali unapoungana na waya mnene wa kutokea nje, pale pale kwenye risasi ya kuunganishia. Nyuso mbili za mpasuko zilikuwa zimekaribiana kiasi cha kugusana zikiwa baridi. Joto lilipotanua chuma, plastiki na risasi kila kimoja kwa kiasi chake, ziliachana. Kipimo cha mafuta ya injini kilionyesha kwamba mafuta yalikuwa chini ya alama ya chini, na injini iliyokuwa ikipandishwa mlima kila siku na mzigo mzito huku ikiwa na mafuta pungufu ilikuwa ikizipika koili hizo kuliko ilivyopasa. Mafuta yalibadilishwa na dereva akaonyeshwa jinsi ya kuyapima pikipiki ikiwa imesimama wima, si ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

Lilibaki swali la kutengeneza au kununua. Risasi ingeweza kuyeyushwa upya na waya kuunganishwa, na mahali ambapo vipuri havipatikani ningefanya hivyo bila kusita, au ningempelekea fundi wa kuwainda aisuke upya, mradi tu atumie waya wa unene ule ule na idadi ile ile ya mizunguko. Nilishauri koili mpya kwa sababu ya ile rangi ya kahawia. Kiungo kilikuwa kimepasuka, lakini vanishi ya waya wote uliobaki ilikuwa imepita kwenye moto ule ule, na kumrudisha dereva mlimani na kiungo kipya juu ya waya uliochoka kungekuwa ni kumuuzia kubahatisha kwingine.

Katika kununua kuna hatari ambayo imewagharimu wengi. Koili za magineti za CG huuzwa zikiwa zinafanana kwa macho, ilhali baadhi ni za pikipiki ambazo CDI yake hula umeme wa betri, na hizo hazina kabisa ile koili ya waya mwembamba. Ukizifunga kwenye pikipiki ya aina hii, taa zitawaka, betri itachaji, na cheche haitapatikana milele. Idadi ya vichwa vya koili, umbo la soketi na rangi za nyaya vilinganishwe na za zamani, kisha kabla ya kulipa mita itumike pale pale dukani: lazima kuwe na waya unaosoma mamia ya omu dhidi ya chuma cha katikati, na mwingine wa pulsa unaosoma mia moja na ushee. Muuzaji anayekataa kipimo hicho asinunuliwe.

Koili mpya ilifungwa na gasketi mpya, magineti yakafutwa vumbi la chuma lililokuwa limeng'ang'ania ndani yake, na nyaya zikarudishwa kwenye kibanio chake ili zisiguse magineti. Tapeti nazo zilipimwa kwa kuwa injini ilikuwa baridi na kazi ni ya dakika chache, zikakutwa na nafasi ya milimita 0.08 inayotakiwa, hazikuguswa. Skrubu ya hewa ya kabureta ndiyo iliyohitaji kurudishwa kutoka kwenye mazungusho ya watu wengi. Iliwekwa injini ikiwa imeshapata moto, kwa kuitafuta sehemu ambayo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, inatulia zaidi, kisha kasi ya sailensa ikashushwa kwa skrubu yake.

Jaribio lilifanyika barabarani na mzigo ule ule. Pikipiki ilipanda hadi Lushoto bila kukatakata, lakini kufika peke yake kusingetosha kuitwa uthibitisho, kwa kuwa asubuhi za baridi iliwahi kufika hata ilipokuwa mgonjwa. Kwa hiyo ilizimwa Soni ikiwa na moto wote wa mlima, ikaachwa kwa dakika mbili tatu, muda ambao joto la injini isiyopepewa na upepo wa mwendo huzidi kupenya ndani, kisha ikawashwa. Ikafanyiwa hivyo hivyo Lushoto, na tena katika safari za siku zilizofuata. Koili mpya ikiwa ya moto ilisoma zaidi kuliko ikiwa baridi, kwa kiasi kile kile ambacho shaba inakiruhusu, bila kurukaruka.

Mwishowe dereva aliombwa alete CDI na koili ya plagi za zamani, ambazo kwa bahati hakuwa amezitupa. Zilifungwa badala ya zile mpya, pikipiki ikapandishwa tena na mzigo, ikazimwa na kuwashwa ikiwa ya moto, na vyote viwili vilifanya kazi bila dosari. Vile vipya vilibaki vimefungwa kwenye pikipiki, na vya zamani vikawekwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti, vikiwa na karatasi inayosema kwamba vimepimwa na ni vizima.